Mama Kisu na Mwiba Asiouhisi

Saa kumi na moja jioni, Mama Kisu anapanga minofu ya samaki mweupe kwenye sinia. Anakamulia ndimu, anapaka kitunguu saumu, chumvi hatii. Kabla ya kuiingiza kwenye oveni, anainama na kuipitishia midomo, mnofu mmoja baada ya mwingine.

"Natafuta miiba," anasema. "Vidole vimekufa ganzi."

Jina la Mama Kisu alipewa na wenzake kwenye kiwanda cha samaki, ambako kwa miaka kumi na tisa amesimama mbele ya beseni za barafu akichomoa miiba kwa ncha ya kisu, samaki mia tatu kwa zamu. Baridi imemla vidole. Vinne tu ndivyo vinavyohisi.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mcheshi wa mtaa mzima. Miaka miwili iliyopita, kiharusi kilimwangusha kazini. Siku hizi hasemi, na kumeza ni kwa shida. Daktari aliagiza vyakula laini, visivyo na chumvi.

Mwezi uliopita mwiba mmoja ulimkaba mzee kooni.

"Nilipiga mayowe mpaka shemeji, huyu jirani yetu, akaruka ukuta. Yeye ndiye aliyeutoa. Mimi mtoa miiba nimeduwaa tu." Anacheka kidogo, bila furaha. "Mganga hajigangi."

Tangu hapo mzee akiona samaki hufumba mdomo. Wiki tatu ameishi kwa uji. Mwili umepukutika kilo tano.

Leo anajaribu tena. Samaki anatoka akifuka mvuke, anaachana kwa kuguswa na uma. Mama Kisu anaketi kitandani, anakula kijiko cha kwanza yeye mwenyewe.

"Baba watoto, umeona? Nimetangulia mimi."

Mzee anamkazia macho kwa muda mrefu. Kisha anafungua mdomo. Anakula vijiko vitatu, halafu anageukia ukutani.

"Vitatu si haba," mkewe anasema, akifunika sahani.

Kiwandani bado hajamwambia mtu kuhusu vidole vyake. Jumatatu amepanga kumwona msimamizi, aombe kuhamishiwa kwenye kufunga maboksi. Je, akifukuzwa?

"Nitafukuzwa, ndiyo. Mshahara wenyewe ndio huo huo unaotulisha." Anafuta mikono kwenye kanga. "Lakini wale samaki wanakwenda kuliwa na watu. Na watu hao nao wana wenzao nyumbani."