Gari Jekundu Lisilomwacha Mtu

Enzi zetu za kambi ya wakimbizi Kigoma, filamu ilikuwa kisingizio tu. Kilichotupeleka kwenye kibanda cha video ni matangazo. Mliokulia kule mtanielewa: mkanda mmoja, uliorekodiwa kutoka televisheni ya Marekani na mtu asiyejua kukata matangazo, jenereta inakohoa nje, sisi tumekaa chini kwenye udongo na tumbo limejaa ugali wa njano na zile dengu za mgao zilizochemka tangu asubuhi zikagoma kuiva. Katikati ya filamu, ghafla, linatokea gari jekundu. Boneti ndefu, milia miwili myeupe, matairi yanafuka moshi, jangwa zima linageuka vumbi. Kibanda kizima kilisimama.

Siku hizi najua kwamba magari ya aina hiyo Wamarekani wanayaita magari ya misuli. Sisi tuliliita Jekundu, basi. Nililitengeneza kwa waya, nikalichongea matairi ya kandambili zilizokatika, nikawa naliendesha kati ya nyumba huku nikinguruma mpaka koo linakauka. Mama alikuwa anashika kiuno na kusema, "Msichana na waya mkononi! Huyo mume atakukuta chini ya gari?"

Mtafsiri wetu alikuwa kijana aitwaye Bukuru, aliyefika sekondari kabla ya vita. Alisimama kando ya televisheni na kutafsiri kila kitu kwa sauti kubwa kuliko ya televisheni yenyewe. Jekundu likitokea alisema maneno ambayo sijayasahau: "Gari hili halimwachi mtu! Mbele baba na mama, nyuma watoto, na bibi ana kiti chake dirishani!"

Nilikuwa na miaka minane. Tulipokimbia Burundi, bibi yangu Anastazia alibaki kwa sababu miguu yake haikuweza safari. Nilimwacha amesimama mlangoni, ameshikilia fremu. Kwa hiyo niliposikia habari ya kiti cha dirishani nilijua nitafanya nini nikikua: nitalinunua Jekundu niende kumchukua. Bibi alifariki kabla sisi hatujaletwa Amerika. Mapenzi ya gari lile hayakufa.

Ndiyo maana sasa, hapa Louisville, nikimaliza wiki yangu ya kubeba maboksi ghalani kule South End, Jumamosi naenda Highview, kwenye maegesho ya maduka wanapokutana wazee wenye magari ya aina ile. Wamenizoea. Mimi ndiye mama wa Kiafrika anayeomba kufunguliwa boneti. Mwezi wa nne mwaka huu, mmoja wao, Rei, alileta televisheni kubwa, akaifunga nyuma ya gari lake na kuonyesha matangazo ya ujana wao. Wazee walikuwa wanayasema pamoja nayo, kama watu wanaosali. Tangazo la tatu lilikuwa Jekundu.

Kahawa ilinimwagikia miguuni. Moshi ule ule, vumbi lile lile! Kabla sijajitambua nilikuwa napaza sauti kwa Kiswahili, "Gari hili halimwachi mtu!" Wazee wote wakageuka.

"Unalijua?" Rei aliuliza, macho yamemtoka. "Umeliona wapi?"

"Tanzania. Kambini."

Hapo sauti nzito ya tangazo ikasema neno la mwisho, na wazee wakaitikia kwa furaha. Kiingereza changu ni cha ghalani, lakini kilitosha kunitia shaka. Nilimshika Rei mkono. "Amesema nini?"

"Waache wote nyuma," alisema akicheka. "Kwani ulikuwa hujui?"

Nilikaa pale pale kwenye lami. Miaka yote hiyo! Dereva yule wa jangwani alikuwa peke yake, na kuwaacha wenzake ndiyo sifa iliyokuwa ikiuzwa. Kilichonipanda baadaye ni hasira. Bukuru alinidanganya.

Nilijua kwamba anaishi Buffalo. Wiki iliyofuata nilishika njia, nikalala Columbus kwa binti yangu Divine, anayepanga chumba karibu na chuo kikuu. Nilimsimulia yote, nikilia. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida ya vijana waliokulia huku, "Lakini Mami, kwa nini hamkuliruka hilo tangazo?" Kizazi hiki!

Mzee Bukuru alinifungulia mlango akiwa amevaa sweta mbili. Nje theluji ilikuwa bado inaanguka, mwezi wa nne huo. Sikungoja chai. Nilimwekea tangazo kwenye simu, lile alilonitumia Rei, nikamuuliza, "Kaka, ulikuwa hujui Kiingereza?"

Aliangalia mpaka mwisho. "Nilikijua vizuri."

"Basi kwa nini ulinidanganya?"

"Mlikuwa mmekaa chini, mmejaa hadi mlangoni," alisema taratibu. "Hakuna hata mmoja ambaye hakuwa ameacha mtu. Ningewaambiaje watoto waliokuja kwa miguu kwamba kuacha watu ni raha? Kila wiki nilimtazama aliyekaa mbele, nikamwekea mtu wake garini. Wewe ulikuwa na bibi. Kuna mwenzako nilimwekea kaka yake."

Nilipigwa na butwaa mara ya pili. Niliamini kwamba maneno yalikuwa yale yale siku zote, kumbe nilishika maneno ya siku yangu tu.

"Na wewe," nilimuuliza, "uliacha nani?"

"Mke wangu. Konsolata. Huyo sikuwahi kumpandisha."

Hasira yangu iliishia hapo. Nililianzisha tangazo upya, nikasimama kando ya simu, nikapaza sauti sebuleni kwake: "Gari hili halimwachi mtu! Mbele anaendesha Bukuru, na ubavuni pake amekaa Konsolata!" Mzee alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika, kisha akaniomba niseme tena.

Leo watoto wetu wana matangazo mengi kuliko mchele wa dukani, kila mmoja kwenye simu yake, kila mmoja kona yake, na kidole kiko tayari kuyaruka kabla hayajasema neno. Siwalaumu. Hakuna aliyesimama kando yao kuwatafsiria. Sisi tulikuwa na moja, limechakaa, lina mistari ya chenga juu hadi chini, na likiisha tulipiga kelele lirudishwe.