Nilivyomficha Baba Mkwe Uso Wangu

Kwetu Rungwe, mke wa mtu hakutani na baba mkwe. Humtazami, humpi mkono, na ukimwona anakuja unaingia migombani mpaka apite. Mimi nimekaa ua mmoja na baba mkwe wangu miaka kumi na moja, na ninachokijua vizuri ni kisogo chake.

Halafu korona ikamleta wodini kwangu, pumzi zimembana.

Wakati huo tulikuwa tumechoka mpaka tumekuwa vituko. Nusu ya wauguzi walikuwa wanaumwa, na sisi tuliobaki tulisinzia tumesimama. Asubuhi moja niliivutia kiti stendi ya dripu, nikaiambia, "Karibu ukae, mama." Tulikuwa tumemzika mwenzetu wa zamu, na kilio chake kilikuwa kimenikwama kifuani. Nikijaribu kulia, nacheka. Aibu tupu!

"Huyu mzee mpe mwingine," nilimwambia matroni.

"Mwingine yupi?"

Kweli, mwingine yupi? Nikimwacha, anakufa. Na mume wangu nitamwambia nini, kwamba baba yako aliuawa na adabu zangu? Maji nikayavulia nguo, nikayaoga. Nikavaa gauni, kofia, miwani, barakoa mbili na mabuti ya shambani. Hata mama mzazi asingenijua.

Siku tisa nilimgeuza, nikamlisha uji, nikamfokea. "Mzee, hiyo barakoa ya oksijeni si kofia! Irudishe puani!" Akatii mara moja.

Siku ya sita alipata nguvu za kusengenya. "Nesi, nina mkwe anafanya kazi hapahapa. Ana mdomo huyo! Akimfokea jogoo, hata majirani wanatulia. Asije akaingia humu."

"Haingii, mzee," nikajibu, nimevimba kwa hasira. Mimi nina mdomo? Mimi? Kijiko kilichofuata nilikijaza mpaka kikamwagika.

Siku aliyoruhusiwa, mume wangu alikuja kumchukua. Mimi nilikuwa nimeshavua mavazi yale, nikajibanza nyuma ya pazia. Mzee alifika mlangoni, akasimama, akageukia ukuta.

"Wewe ukuta," akasema, "ndaga fijo. Mfikishie mkwe wangu asante yangu. Nilimjua tangu 'irudishe puani'."

Jamani, mjinga mimi! Nilimficha uso mtu ambaye hajawahi kuutazama. Sauti yangu ndiyo aliyoizoea, miaka yote hiyo ikivuka migomba kufukuza kuku.

"Sasa baba, mbona hukusema?" mume wangu akauliza.

"Ningesema, angerudi kunilisha?"

Hapo kile kilio kikatoka. Kilitoka chote, cha mzee, cha mwenzetu wa zamu, cha miezi yote ile, mpaka wagonjwa wakainua vichwa kutoka kwenye mito yao. Nililia nimeng'ang'ania pazia, na nikamsikia mzee akimwambia mwanawe huko koridoni:

"Unasikia? Nilikwambia ana mdomo. Mwache alie, tutamsubiri nje."