Alinyoa kichwa akapasuliwe, mtaa ukamletea msiba

Jua bado linajikongoja nyuma ya mawe ya Mabatini, lakini kwenye gati la kivuko cha Kamanga, upande wa mjini Mwanza, watu tayari wanasukumana. Zinashuka ndoo za maziwa, zinashuka viroba vya viazi, wanashuka kuku waliofungwa miguu. Mwisho anashuka Dorcas, mfanyabiashara wa mayai kutoka Sengerema, akipiga kelele hata kabla hajakanyaga nchi kavu.

"Odeta yuko wapi? Nimesema mayai yangu hayaguswi na mtu mpaka Odeta aje!"

Odeta Shigela yupo. Amesimama pembeni, kanga kiunoni, na mkononi ameshika ngata, kile kitambaa kinachosokotwa mviringo kikakaa kati ya kichwa na mzigo. Nywele zake ni fupi kama za mwanafunzi. Mbele yake kuna trei kumi za mayai zilizopangwa na kufungwa kwa kamba, na leo ndiyo siku ya kwanza kuruhusiwa kubeba tangu apasuliwe utosini, mwezi na nusu uliopita.

"Nimelala, nimekula, nimeoga," anasema, akizungusha ngata vidoleni. "Kilichobaki ni kichwa chenyewe. Na kichwa changu nakijua, hakijawahi kuniangusha bila sababu."

Wabebaji wenzake wameacha kazi zao kumtazama. Wanajaribu kujifanya hawatazami, lakini wapi.

Odeta ana miaka arobaini na minne, na zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia kwenye gati hili. Wenzake hubeba chochote kinachokuja. Yeye ni wa mayai. Maduka mengi anayoyapelekea yako Mabatini, kule juu ambako njia ni ngazi za mawe, mkokoteni unaruka kama mbuzi na pikipiki ndiyo usiseme. Mayai yakipanda huko salama, yamepanda juu ya kichwa cha mtu anayejua kutembea. Kila trei humpa shilingi mia tatu, na siku njema hupanda mara nne.

Lakini miaka sita iliyopita kitu kilianza kuota utosini, palepale ngata inapokaa. Kwanza kilikuwa kama punje ya harage. Halafu kikawa kama gololi. Mwisho kikawa kinundu cha kushikika kwa vidole vitatu, laini, kisichouma isipokuwa kikikandamizwa.

Kwa hiyo alifanya nini? Aliitanua ngata, akaipinda shingo upande wa kushoto, akaendelea na kazi. "Nilikuwa nakikwepa kama unavyomkwepa mtu anayekudai," anacheka. Shingo ilimuuma, akawa anameza aspirini kila jioni. Nywele alizifuga ili kukificha. Siri hiyo aliijua mumewe tu, Shimba, fundi seremala ambaye kazi humweka Ukerewe miezi kwa miezi.

Masika yaliyopita, kwenye ngazi za Mabatini, ngata iliteleza juu ya kinundu. Trei mbili za juu zilikwenda na maji. Mbwa wa mtaa walishangilia, Odeta akalia. Alilipa kila yai, lakini si hilo lililomnyima usingizi.

"Mtu wa mayai akiangusha mara moja, watu wanasema bahati mbaya," anasema. "Mara ya pili wanatafuta mtu mwingine. Na mimi sina kazi nyingine. Kazi yangu ni hiki kichwa."

Ndipo akaenda kituo cha afya, kimyakimya, bila kumwambia mtu wa gatini. Aliogopa wateja wakisikia kichwa chake kinakatwa watampa mwingine mayai. Na maneno ya mtaani aliyajua: mtu aliyepasuliwa utosi, akili huvuja.

Daktari Florian, kijana mpole mwenyeji wa Bukoba, alimwamkia shikamoo, akakibinyabinya kinundu, akakisogeza huku na huku. "Mama, hiki ni kifuko kilichoota ndani ya ngozi," alimwambia. "Fuvu halijaguswa. Tunapiga ganzi, tunakitoa, tunashona, unarudi nyumbani mchana huohuo." Alimkataza aspirini kuanzia siku ile, kwa sababu hufanya damu isigande upesi. Akamwagiza aoshe nywele kwa sabuni asubuhi ya upasuaji, asipake mafuta, aje.

Maagizo yalikuwa hayo tu. Odeta akaona hayatoshi. Upasuaji gani huo wa kuoga na kwenda?

Alikuwa amesikia kwamba mtu haendi kupasuliwa na chakula tumboni, basi akalala na njaa. Na kwa kuwa wembe ulikuwepo, asubuhi ile akakaa kwenye kigoda, akajinyoa kichwa kizima mpaka kikang'aa.

Hapa wasomaji wa Kanda ya Ziwa mmeshaanza kutabasamu. Mwanamke mtu mzima haamki tu akajinyoa kipara. Kichwa kikinyolewa hivyo, kuna mtu kazikwa.

Odeta, kwa haraka zake, hilo halikumjia. Alijifunika kanga akapitia gatini, maana hakutaka mayai ya Dorcas yamsubiri bure. Akiwa anaongea, upepo wa ziwani ukaipeperusha kanga. Dorcas akaona kipara. Akaona na macho mekundu ya mtu aliyelala na njaa.

"Leo sibebi, dada," Odeta alimwambia. "Nitakuwa nyumbani siku kadhaa."

Dorcas alishika mdomo. "Nilisema moyoni, Shimba ameondoka," anasimulia. "Sasa unamuuliza nini mtu wa namna hiyo? Nilimwambia pole, akaitikia asante, akaenda. Nilibaki nimesimama na mayai yangu, machozi yananitoka."

Kituoni, muuguzi alipofunua kanga naye alishika mdomo, ila kwa sababu nyingine. "Nani kakutuma kunyoa na wembe? Ungejikata, vijidudu vingeingia kabla yetu! Sisi tungepunguza hapo penyewe tu, kwa mkasi." Alikikagua kichwa chote, hakuona mkwaruzo. Kisha akasikia tumbo la mgonjwa linanguruma, akauliza, akajibiwa.

"Hii ni ganzi ya ngozi, mama, hulazwi usingizi. Nenda nje ukanywe uji, uje na nguvu."

Akanywa uji, vikombe viwili.

Ganzi ilichoma kama nyigu, halafu kichwa kikawa si chake. Alisikia mkasi ukikata lakini hakusikia maumivu. Katikati ya kazi akauliza kwa sauti ya chini, "Daktari, umefika kwenye akili?"

"Niko mbali nayo kabisa, mama. Akili iko ndani ya fuvu, mimi niko barazani."

Walipomwonyesha kifuko kwenye kibakuli, cheupe, kama yai la kware, Odeta alikitazama kwa hasira. "Kitu kidogo hivi ndicho kimenipinda shingo miaka sita!"

Daktari alisema kitapelekwa kupimwa kwa uhakika, na majibu baadaye yalirudi safi. Alimshona, akamfunga bandeji, akampa masharti: kidonda kikae kikavu, asipake chochote ambacho hakutoka nacho hapo, asibebe kitu kichwani mpaka aambiwe. Damu ikitoka, akandamize kwa kitambaa safi bila kuchungulia, na isipokata arudi mbio.

Alirudi nyumbani, hukohuko Mabatini, anatembea polepole, moyo mweupe. Alipokata kona ya kwao, akaona turubai.

Lilikuwa linafungwa mlangoni kwake. Chini yake wamekaa wanawake wa gatini na wa mtaani, miguu imenyooshwa juu ya mikeka, wanalia. Kuni zimeshushwa. Kuna unga, kuna maharage, kuna sufuria kubwa ya jumuiya. Dorcas yupo katikati, kanga kichwani, sauti imekauka.

Odeta alisimama. Turubai mlangoni kwako, watu wanalia, na mume wako yuko kisiwani. Unafikiri nini?

"Mayo wane, mama yangu! Shimba wangu!" Alipiga yowe likasikika hadi barabarani, akajibwaga chini. Wanawake walipomwona na bandeji, wakaamini amejipigiza kichwa ukutani kwa uchungu, nao wakapandisha kilio. Kilikuwa kilio hasa. Marehemu yeyote angejivunia.

Kwa kulia kule, damu ikaanza kupita kwenye bandeji. Bibi Kashindye, jirani wa mlango wa pili, aliiona, akamlaza Odeta mapajani. Odeta, katikati ya machozi, alikumbuka masharti. "Kandamiza, bibi, na kitambaa safi. Usichungulie!" Bibi akakandamiza kwa nguvu zote, wenzake wanaendelea kulia.

Ndipo simu ya Odeta ikaita ndani ya pochi. Mmoja wa wanawake aliitoa, akaisoma, akaitupa mkekani kama kaa la moto. Aliyekuwa anapiga ni Shimba.

Dorcas ndiye aliyejipa moyo akapokea.

"Haloo? Mke wangu, wameshamaliza kukukata?" ilisema sauti ya marehemu. "Mbona kelele? Kuna nini huko?"

Odeta anasema hajawahi kumpenda mume wake kama dakika ile. Aliinyakua simu, akacheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kuongea, na Shimba kule Ukerewe akabaki anaita "haloo, haloo" kama mtu aliyepotea porini. Damu ilikata yenyewe chini ya kiganja cha Bibi Kashindye.

Ilibidi aeleze. Kinundu, aspirini, wembe, vyote vikatoka. Bibi Kashindye akatikisa kichwa.

"Mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umetangulia kufichuliwa, hata kufa hujafa!"

Wakacheka mpaka turubai likatikisika. Lakini Odeta alishikwa na aibu. Watu walikuwa wameacha biashara, wametoa unga wao, kwa msiba usiokuwepo. Akaanza kuwaomba kila mmoja achukue alichokileta.

Dorcas alikataa katakata. "Kitu kikishatoka nyumbani kwenda msibani hakirudi. Mimi niurudishe unga ule niuite nini nyumbani kwangu? Ukae, uule. Na habari ya mayai yangu niachie mwenyewe."

Na kwa kweli unga ule ndio uliomponya, kama ule uzi wa daktari. Odeta anakiri bila kupindisha: bila chakula kile ndani, angerudi gatini wiki ileile, na kidonda kingefumuka. Si mtu wa kuomba. Asingeomba hata chumvi. "Mungu aliona nina kiburi, akaniletea msaada kwa njia ya matanga," anasema.

Kupona nako kulikuwa na vituko vyake. Jirani mmoja alikuja na dawa ya meno ya kupaka kidonda, mwingine na unga wa kahawa. Odeta aliwarudisha wote. "Dawa ya meno nitaitia menoni, na kahawa nitainywa." Alilala ubavu. Alioga kuanzia shingo kushuka. Nyuzi zilipotolewa, Daktari Florian aliisifia ngozi ilivyoungana, lakini akasema ngozi ya juu kuungana si ngozi kuwa imara. Asubiri tena wiki kadhaa.

Huko gatini mambo hayakusubiri. Mayai yalipanda Mabatini kwa bajaji mpaka njia inapoishia, kisha kwa mikono ya watu, na kila siku Dorcas alihesabu yaliyovunjika. Wenye maduka wakaanza kununa. Wawili walishasema watachukua mayai kwa mtu mwingine, wa Igoma, anayeleta kwa gari.

"Nilimwambia Odeta ukweli," anasema Dorcas. "Mimi nakungoja, lakini maduka hayatakungoja. Ukirudi, siku ya kwanza usivunje hata moja."

Nyumbani Odeta akaanza kufanya mazoezi kwa trei tupu. Ndipo akagundua jambo ambalo hata daktari hakulifikiria. Trei zilikuwa zinaanguka. Kinundu hakipo, lakini shingo bado inakikwepa. Miaka sita imejipinda kushoto, na sasa inapindia hewa.

Ndiyo maana leo gatini kila jicho liko kwake. Odeta anaweka ngata. Anapiga goti. Wanawake wawili wanamtwika trei kumi, wanaachia mikono polepole.

Shingo inakwenda kushoto. Mzigo unainama. Mtu anasema "Yesu!" Dorcas anafumba macho.

Odeta hasogei. Anavuta pumzi, na taratibu, kama mtu anayefungua mlango uliokwama, anairudisha shingo katikati. Trei zinatulia. Anainuka, goti kwanza, kisha mgongo, kisha kichwa, na anasimama wima kabisa.

"He!" Dorcas amefumbua macho. "Kumbe Odeta ni mrefu hivi?"

Ni mrefu kweli. Wengi hapa hawakuwahi kumwona akiwa amenyooka.

Anaondoka, mikono imening'inia ubavuni, na mwandishi anahema nyuma yake kwenye ngazi za Mabatini. Kwenye duka la kwanza mwenye duka anafungua kamba bila salamu, anakagua trei moja moja, anageuza mayai kwenye mwanga. Anafika trei ya mwisho. Anaguna.

"Kesho niletee mbili zaidi," anasema.

Wakati wa kushuka, Odeta anaulizwa ana mipango gani. Anagusa kovu, laini tu, chini ya nywele zinazoota. Anasema Jumatatu anampeleka Bibi Kashindye kwa Daktari Florian, maana kumbe naye ana uvimbe mgongoni anaouficha tangu wajukuu wake hawajazaliwa. Halafu ataongeza trei, kumi na mbili, labda kumi na nne.

"Na siku moja nitaacha kubeba, sikatai," anasema, akinyoosha shingo. "Lakini nitaacha siku nitakayochoka mimi mwenyewe. Kinundu hakitanichagulia."