Spana Namba Kumi

Mume wangu aliendesha teksi hapa Tanga mpaka sukari ilipomshika macho. Jicho la kulia lilizima kwanza. La kushoto, daktari alimwambia bila kumung'unya maneno, linafuata. Akarudi nyumbani Nguvumali, akakaa barazani, akasema anataka jambo moja tu: kuendesha mwenyewe mpaka Pangani, kwenye kaburi la mama yake, kabla macho hayajamwisha.

Gari lilikuwa teksi yake ya zamani. Injini ilikufa, akaing'oa, akafunga mota ya umeme na kujaza betri kubwa buti nzima. Nilimkejeli sana. Majirani wakija kuchungulia, nawaambia bwana huyu kaoa mke wa pili, yule pale, kafunua boneti. Alicheka. Siku zile bado alikuwa anacheka.

Kilichomsumbua ni ile betri ndogo ya kawaida, inayowasha taa na honi na kuishikilia swichi kubwa ya kupitisha umeme wa mota. Injini ilipotoka, altaneta ilitoka nayo, betri ndogo ikakosa wa kuilisha. Tulipolijaribu gari mara ya kwanza lilitufia Usagara mbele za watu. Taa zilififia, swichi ikaachia, kimya. Bodaboda wakatusukuma huku wakitucheka, nami nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo akatafuta konveta, kidude cha kupunguza nguvu ya betri kubwa ili ziichaji ile ndogo. Tulikifunga wote wawili, yeye mikono, mimi macho.

"Nyekundu hii?"

"Nyekundu."

"Una hakika, bibie?"

"Ala! Nyekundu siijui?"

Nikamsomea mita ya umeme: volti kumi na mbili. Akazungusha ufunguo. Kumi na nne. Betri ndogo inalishwa! Akaniambia nisome tena, nikasoma, akanikumbatia pale pale uani na mikono yake ya grisi.

Tukapanga Ijumaa asubuhi, tukasome dua kaburini. Alhamisi alasiri akachomeka waya wa kuchaji kutoka sebuleni. Sasa, madereva wetu na magari yao makuukuu wana mazoea yao: gari likiegeshwa, unachomoa kichwa kimoja cha betri isije ikaisha bure. Spana namba kumi haiondoki kwenye dashibodi. Miaka yote ya teksi mume wangu hakuwahi kulala bila kuchomoa, na Alhamisi ile pia akachomoa, mkono ukijiendea wenyewe. Betri ndogo ikichomolewa swichi kubwa haishiki, na swichi isiposhika betri kubwa hazipati kitu. Waya ulikaa pale usiku kucha, gari likaamka na njaa.

"Kesho ipo," akasema. Wallahi nilikasirika, na hasira yenyewe sikujua nimmwagie nani. Yeye? Angalieni mtu mwenyewe, maskini, kaketi na kanzu yake iliyopigwa pasi. Tukachaji upya Ijumaa kutwa. Spana niliichukua nikaifunga kwenye pindo la khanga yangu.

Jumamosi alivaa kanzu ile ile na kofia, akaja garini ameshika ukuta. Jana yake hakuushika. Nikaona. Akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari la umeme halina mlio, hata ukiliwasha.

"Soma."

"Kumi na nne."

"Haya, kafungue geti."

Geti nilikwisha kulifungua. Barabara yote ilikuwa mbele yake, jua limempiga usoni.

"Lipo wazi, baba," nikasema.

Aliupitishia usukani mikono yote miwili. Kisha akazima, akaninyooshea kiganja.

"Nipe spana."

Nikalifungua pindo, nikampa. Akashuka, akapapasa boneti, akaifunua, akaifikia betri ndogo, akaichomoa.