Mashine ya Majani Niliyoiua kwa Mdomo

Mimi ndiye niliyemwambia Mama Elinami, mfugaji wa Shirimatunda, kwamba mashine yake ya kufunga majani imekufa. Kila robota, yaani furushi la mviringo la majani, lilitoka likafumuka. Nilipaka grisi, nikabadilisha mikanda na kamba ya kufungia, mwisho nikamshauri anunue nyingine. Akauza mtamba wake.

Jana mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja kutoka Himo kuichukua. Akachungulia, akahamisha kamba, akaniambia niwashe trekta. Robota likatoka limekaza!

“Kamba ilipita penye kisu, ikawa inakatwa kabla ya kufunga,” alisema. “Nani aliipitisha hivyo?”

Mama akanigeukia. “Fundi, si uliniambia umesomea mashine?”

“Ndiyo, Mama,” nikajibu. “Cherehani.”