Orodha ya Makaburi ya Marui

Nilimwahidi mama mkubwa kwamba laptop ya marehemu mumewe ingerudi Marui ikifanya kazi upesi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikajibu kwamba ninayo.

Sikuwa najigamba. Tangu nihitimu chuo, chumba changu cha mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, kilikuwa kimejaa mashine zilizochoka, zilizotolewa na ofisi mbalimbali. Niliziwekea Linux nyepesi, mfumo usiohitaji mashine yenye nguvu, kisha nikazipeleka shuleni Dutumi. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtoto wa mkulima hapaswi kungoja utajiri ndipo aguse kompyuta. Ofisi hizo zilisisitiza jambo moja: nifute kila kitu. Basi kufuta kukawa hatua yangu ya kwanza, niliyoifanya bila kufikiri, kama mtu avuavyo viatu mlangoni.

Ya baba mkubwa niliifuta vivyo hivyo.

Nilipoirudisha, mdogo wake marehemu alikuwa barazani anakunywa kahawa. Nilimwamkia, nikaiwasha, ikafunguka kabla hajashusha kikombe. Akacheka, akasema kaka yake alikuwa akiibonyeza, anakwenda shambani, anapalilia matuta mawili na kurudi, bado inawaka. Mama mkubwa naye akacheka. Kisha akasogea karibu yangu mkekani.

"Sasa nifungulie ile orodha ya makaburi, mwanangu."

Sikuelewa, akanieleza. Baba mkubwa, aliyekuwa mwalimu, aliwahi kuzunguka na wazee wawili katika makaburi ya ukoo, ambayo mengi hayana hata jiwe, akaandika nani amelala wapi: huyu chini ya mkorosho, yule hatua tatu kutoka kwake. Wazee wale nao wameshafariki. Kila mwaka kabla ya Ramadhani, watu wakishafyeka majani makaburini, yeye ndiye aliyesoma majina, moja baada ya jingine, wakaombewa rehema. Mwaka huu ulikuwa wa kwanza bila yeye.

"Mama, nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Vyote vilivyokuwamo."

Shemeji yake akaweka kikombe chini. Mama mkubwa akasema taratibu, "Hukuniuliza."

Niliichukua tena hadi Kibaha. Kwa siku nne programu ya kuokoa mafaili iliichambua ile diski, lakini mfumo mpya ulikuwa umeandikwa juu ya mafaili ya zamani. Nilipata vipande: "bibi yake", "upande wa kisima", na jina moja lililokatika katikati.

Siku ya kufyeka nilishika panga pamoja na wanaume wa ukoo. Tulipomaliza, aliyeongoza dua alitungoja tumtajie majina. Tuliyajua saba. Waliobaki akawaombea kwa jumla, wote waliolala mahali pale. Jioni mama mkubwa aliniuliza ni wangapi waliotajwa. Nilimwambia. Hakulaumu, aliinamia ungo wake, akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Nakuomba, msomaji: ukiletewa mashine ya zamani uihuishe, usianze kazi kabla hujaketi na mwenyewe ukamuuliza ndani yake mna nini. Akikutajia kitu, kinakili kwanza.