Mguu Uliomvunja Mama Ubavu

Mguu niliouuguza kwa miezi kumi ndio mguu uliomvunja mama ubavu. Nalisema hili mapema ili usije ukanihesabu miongoni mwa watoto wema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tumekaa jikoni kwetu Mbololo. Kuni zilikuwa mbichi na sima ilikuwa imechelewa. Baba akaingia kutoka shamba la mkonge na jasho lake na njaa yake, akampiga mama teke moja, la mguu wa kulia. Nilisikia mfupa. Mama hakulia, alijishika tu ubavuni akaendelea kusonga sima kwa mkono mmoja, na baba akavuta kigoda akangoja kupakuliwa. Sisi watoto alitupiga kwa mshipi, kwa kamba ya mkonge, kwa chochote kilichokuwa karibu, na mengi nimeyasahau. Lile teke sikulisahau.

Mama alikufa miaka mingi baadaye kwa maradhi mengine kabisa. Baba akabaki peke yake shambani, akashikwa na ugonjwa wa sukari, na sukari ikamuua miguu ikiwa bado inatembea. Mwaka juzi alikanyaga msumari ukapenya akala zake za tairi, akashinda nao kutwa nzima bila kujua. Aliujua jioni, alipovuta akala ikakataa kutoka mguuni.

Alilazwa mara tatu. Mara ya kwanza walimkata vidole viwili. Mara ya pili wakamkwangua nyama iliyooza hadi nikauona mfupa mweupe. Mara ya tatu daktari aliniita kando akaniambia kwa upole kwamba kidonda kikioza tena, mguu utakatwa chini ya goti. Baba alipoelezwa, alisema hatazikwa nusu, na kwamba atakayekuja na msumeno wake atamkuta na panga. Wauguzi walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua, na nilijua kwamba akikatwa mguu ule hatamaliza mwaka. Angeacha kula kwa ukaidi tu.

Basi nikamleta Voi, nyumbani kwangu, nikasukuma cherehani na marobota ya vitambaa vya sare za shule upande mmoja wa chumba, nikamwekea kitanda upande wa pili. Muuguzi wa zahanati ya karibu, mama mnene asiyependa kurudia neno, alinifundisha kazi. Nichemshe maji na chumvi, yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko. Nioshe mikono hadi kwenye viwiko. Kidonda kisikauke na kisiloe, kiwe na unyevu tu. Kikishafungwa, kisifunguliwe hadi kesho, na kwa Voi yenye vumbi la namna hii, kisifunguliwe nje hata kidogo. Mgonjwa asikanyage, hata akienda choo. Kila Jumanne tungemwendea yeye akate nyama iliyokufa kwa kisu chake kidogo, kwa sababu hiyo haikuwa kazi yangu.

Siku ya kwanza nilipofungua bandeji, baba alinipiga gongo la kichwa. Hakusikia maumivu, wayo wake ulikuwa hausikii kitu. Alinipiga kwa sababu aliona mkono wangu ukienda pale. Nikafunga kitambaa kichwani, damu ikasimama, nikanawa upya, nikarudi. Akanipiga tena, safari hii begani. Nikamwambia apige anavyotaka lakini asinipige mikono, kwa kuwa mikono imeoshwa.

Tulienda hivyo wiki baada ya wiki. Gongo lilikaa kitandani upande wake wa kulia na mimi nilijifunza kukaa kushoto. Alinitukana kwa Kidawida, lugha yetu, na kwa Kiswahili, akaniita muuaji, akaniita mwizi wa miguu. Asubuhi moja alishika makasi yangu ya kushonea akayarusha, yakakita ukutani karibu na sikio langu. Jirani aliyekuwa akipita mlangoni aliniuliza kama nataka kuitiwa chifu. Nilimjibu nina shughuli.

Na mimi pia sikuwa malaika. Kuna asubuhi, nikiosha, nilikandamiza makusudi. Nilitaka aumie kidogo, mara moja tu, ajue ilivyo. Nilikandamiza ukingo wa kidonda kwa kidole gumba hadi usaha ukatoka, nikamtazama usoni, naye alikuwa akiangalia dirishani, anasikiliza treni inapita, wala hana habari. Nilikasirika. Mguu ule ulijua kuumiza, lakini wenyewe hauumii. Nikakisafisha kidonda vizuri, nikafunga, nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga ndoo mateke hadi ikapasuka.

Lakini kidonda kilikuwa kinapona. Muuguzi alikipima kwa rula kila Jumanne na kila Jumanne kilikuwa kimepungua. Nyama mpya ilikuwa imejaa chini, nyekundu na nyevu, na ile harufu iliyokuwa ikitukaribisha mlangoni ilikuwa imeondoka. Kufikia mwezi wa tano wa kumuuguza nilianza kuamini kwamba tutashinda.

Hapo ndipo alipokuja shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, anaishi Mbololo, na kanisani hukaa kiti cha mbele. Kanisa halijamzuia kushika ya kwetu. Kwetu Taita hasira ya ndugu ni ugonjwa. Mtu akikuwekea kinyongo moyoni, hata asiseme neno, wewe unaweza kuugua, na ng'ombe wako wakafa. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira huchukua maji mdomoni, au pombe ya miwa, akayapuliza nje huku akitamka kwamba hasira imetoka na fulani awe mzima. Nimeyaona tangu utotoni na siyachekei. Nimeona watu waliokaa miaka bila kusemezana wakipuliza maji asubuhi na adhuhuri wakala pamoja.

Siku ile nilikuwa nimepanda Wundanyi kupeleka sare. Shangazi alimkuta baba peke yake, akamwuliza kwa nini kidonda cha msumari kikae miezi yote hiyo, akajijibu mwenyewe kwamba kuna mtu ana hasira naye. Kabla ya kumtafuta mtu huyo, akaamua aanze yeye kama mkubwa wa ukoo. Kutasa hakuhitaji kidonda kifunuliwe, mtu hupuliza hewani au chini, na hakuna mzee aliyefundisha vingine. Lakini shangazi alitaka hasira itokee palepale ilipokaa. Alifungua bandeji yangu, akajaza mdomo maji ya mtungi, akayapuliza ndani ya kidonda mara nne. Kisha akakiacha wazi juani mlangoni, kikauke, hadi alasiri.

Nilirudi nikakuta nzi. Sitaandika yote niliyomwambia shangazi, maana bado yu hai na ni mkubwa wangu. Nitasema tu kwamba nilimshika mkono nikamtoa nje, kikapu chake nikakirusha nyuma yake, na viazi vikamwagika njia nzima. Aliondoka akisema sasa amemjua mwenye hasira.

Siku ya tatu baba alipata homa. Mguu ulivimba, ngozi ikang'aa, ukawa wa moto hata bila kuugusa, na harufu ikarudi. Nilimpandisha bodaboda, nikakaa nyuma yake nikimshikilia, tukaenda zahanati. Muuguzi aliukagua mguu. Alimdunga sindano akasema atadungwa kila siku. Kisha akachukua biro akachora mstari kuuzunguka mguu, juu kidogo ya kifundo, pale uvimbe ulipoishia.

"Tunahesabu siku tatu," akaniambia. "Uvimbe ukipita hii laini, usiningoje. Mpeleke hospitali, na unajua kule watafanya nini."

Siku hizo tatu sikushona hata kifungo. Niliangalia mstari wa biro asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kwanza uvimbe ulikaa ulipokuwa. Siku ya pili, adhuhuri, baba aliamka na homa yake akasema anarudi Mbololo akafe na miguu yake yote. Akashuka kitandani, akasimama wima juu ya kidonda. Niliona damu ikienea kwenye bandeji. Nikaziba mlango. Akanipiga gongo kwenye mfupa wa bega, nikalinyakua nikalivunja kwa goti. Hapo, akiwa ameshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili, baba yangu aliinua mguu ule wa kulia, mguu niliouosha kila siku kwa miezi mitano, ili anipige teke.

Nilimzaba kofi. Si la kumtisha, nilipiga kwa nguvu zangu zote, akayumba nyuma akaanguka kitandani akiwa amekaa, mdomo wazi, alama za vidole vyangu shavuni. Mtoto hampigi mzazi, na kwetu hilo ni jambo la kulaaniwa. Nilingoja nione aibu, haikuja. Nimejaribu kujuta tangu siku ile na sijafaulu. Nilichosikia ni raha, na raha ile ndiyo iliyoniogopesha, kwa sababu nilitaka kumpiga tena.

Jirani alipiga simu Mbololo. Siku ya tatu asubuhi shangazi alifika kabla sijachemsha maji, na hakunigombeza. Aliniomba nifunue mguu sehemu iliyo juu ya bandeji tu, tuone mstari. Uvimbe ulikuwa umeugusa. Haukuupita, lakini wino na uvimbe vilikuwa mahali pamoja.

Shangazi akanipa kikombe cha maji. Akasema hataki tena kufungua kidonda, alikosea na Mungu amemwonyesha. Anachotaka ni mimi nisimame mlangoni nitoe kilicho moyoni, kwa sababu mguu huu ukikatwa, wa kulaumiwa nitakuwa mimi. Nilimtazama baba. Macho yake yalikuwa yamezama kwa homa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akiwa na hofu. Aliniambia nifanye, tafadhali. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nikachukua kikombe nikasimama kizingitini. Shangazi nyuma yangu alifumba macho akaanza kuomba. Nilijaza mdomo. Nilimfikiria mama akisonga sima kwa mkono mmoja. Nilitaka kwa kweli kuyatoa, mguu upone, yaishe. Lakini kutasa si mchezo wa kuigiza. Ukipuliza unasema imekwisha, na haikuwa imekwisha. Nikameza. Maji yaliyobaki kikombeni nikayamwaga chini, shangazi akasikia maji yakianguka, akasema amina, akaenda jikoni kuweka chai.

Baba alikuwa amelala akinitazama kwa upande, koo langu lote akiliona.

"Umemeza," akasema polepole.

"Nimemeza."

"Hiyo hasira ni ya mama yako?"

"Ni ya ubavu wake."

Nilidhani atatafuta kitu cha kunirushia, lakini hakutafuta.

"Kila ukifungua hiyo bandeji," akasema, "mimi hufikiri leo ndiyo leo, leo atanilipiza. Ndiyo maana nilikuwa nakupiga kwanza."

"Kuna siku nilitaka," nikamwambia. "Kuna siku nilifanya. Wewe hukusikia."

"Hata mimi ningemeza," akasema. Kisha akanyoosha mguu, akautoa nje ya shuka mwenyewe, akanielekezea. "Haya, nioshe."

Nilinawa hadi kwenye viwiko. Nilipofungua sikukandamiza wala sikubembeleza, nilifanya kama nilivyofundishwa. Tulienda zahanati kudungwa, na jioni uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya mstari upana wa kidole. Muuguzi alisema dawa imeshika. Shangazi alisema ni kutasa. Mimi na baba hatukumsahihisha.

Kidonda kilifunga kabisa mwezi wa kumi wa kumuuguza. Hajalazwa tena tangu hapo, na shambani Mbololo anatembea kwa viatu vilivyofunikwa nilivyomnunulia kwa lazima. Kila Jumamosi napanda kumkagua nyayo, maana mtu asiyesikia msumari lazima awe na wa kumwangalia. Hajaniomba msamaha wala mimi sijayatoa yale maji. Nikifika hukaa kwenye kigoda, huvua kiatu, hunipa mguu wa kulia mikononi bila neno, na kabla sijaugusa, huweka mikono yake yote miwili chini ya mapaja akaikalia.